Miji ya Njia ya Hariri

Katikati ya bara la Asia, mbali na kila bahari kuu, iko nchi iitwayo Uzbekistan. Mtu akitaka kutoka humo mpaka pwani, ashike upande wo wote, sharti avuke kwanza nchi mbili nyingine. Ulimwenguni mna nchi mbili tu zenye hali hiyo. Ya pili ni Liechtenstein, nchi ndogo ya Ulaya. Basi, hakuna merikebu wala bandari. Hata hivyo, kwa muda wa karne nyingi miji ya huko ilikuwa miongoni mwa miji mashuhuri ya dunia, na utajiri wake ulitoka katika jambo lile lile ambalo leo tungeliita mkosi: ilikuwa katikati. Mashariki yake Uchina, kusini Bara Hindi, magharibi Uajemi na Shamu, kaskazini mbuga za wafugaji wa farasi. Mtu aliyekuwa na kitu cha kuuza alipita pale, akanywesha ngamia wake, akalala, akalipa ushuru, akaendelea.

Njia hiyo twaiita Njia ya Hariri. Jina lenyewe si la kale. Lilienezwa na mtaalamu wa jiografia wa Kijerumani, Ferdinand von Richthofen, mwaka 1877, wakati misafara yenyewe ilikuwa imekwisha pungua sana. Wala haikuwa njia moja. Zilikuwa njia nyingi zilizoachana na kukutana tena, kama vijito vifanyavyo bondeni, nao ni wachache sana waliotembea kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mmoja alichukua mizigo mpaka mji fulani, akaiuza. Mwingine akainunua, akaisogeza mbele. Ndivyo hata misalaba ya shaba ya Katanga ilivyopita zamani mikononi mwa watu wengi, ikafika mbali mahali ambapo waliyoiyeyusha hawakupajua. Na pamoja na mizigo zilisafiri dini. Katika miji hiyo walikaa wafuasi wa Buddha, na wale wa dini ya kale ya Uajemi waliouheshimu moto, na Wayahudi, na Wakristo wa Kanisa la Mashariki ambao walikuwa na askofu wao Samarkand. Waarabu chini ya jemadari Qutayba bin Muslim waliutwaa mji wa Bukhara mwaka 709 na Samarkand mwaka 712. Tangu hapo, karne kwa karne, nchi ikawa ya Kiislamu, na ndiyo hivyo hata leo.

Siku hizi wageni hufika huko makundi makundi, wakiongozwa na mwenyeji ajuaye lugha yao. Karibu wote hupitishwa njia moja: kwanza Khiva upande wa magharibi, kisha Bukhara, kisha Samarkand, na mwisho Tashkent, mji mkuu. Nasi, wasomaji wapenzi, tuishike njia hiyo hiyo. Ila pengine tutasimama kidogo mahali ambapo viongozi wa wageni hupita upesi.

Msomaji wa Kiswahili akifika huko hatakuwa mgeni kabisa masikioni. Atasikia kitabu kinaitwa kitob, kalamu qalam, dunia dunyo, saa soat, asali asal, hewa havo. Maktab kwao ni shule. Chakula cha karamu ni palov, wali uliopikwa na nyama na karoti, naye mwana wa Kasongo au Kindu atatambua mara moja kwamba ni ndugu yake pilau. Somsa ni sambusa. Akipewa chai ataambiwa choy. Na akitaka kushukuru atasema rahmat, neno ambalo kwetu limekuwa rehema. Maneno haya hayakutoka kwao kuja kwetu, wala kwetu kwenda kwao. Yalitoka Uarabuni, Uajemi na Uchina, yakafuata wachuuzi: mengine yakapanda ngamia kuelekea kaskazini, mengine yakapanda jahazi mpaka pwani yetu ya Afrika, na kutoka pwani yakaingia bara kwa miguu.

Khiva ni mji mdogo kando ya jangwa, katika nchi ya kale ya Khwarazm, ambayo hunyweshwa na mto Amu Darya. Mji wa ndani, uitwao Ichan-Kala, umezungukwa na ukuta wa matofali mabichi ya udongo wenye kimo cha mita 10 hivi. Mtu akiufuata ukuta mpaka arudi alipoanzia amekwenda zaidi ya kilometa 2. Mwaka 1990 mji huo uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, wa kwanza katika nchi hiyo. Ndani yake minara, misikiti na madrasa vimebanana hata mtu hana haja ya kuuliza njia. Mnara mmoja ni mnene mno na mfupi, umevikwa vigae vya rangi ya feruzi tangu chini mpaka juu. Ni mfupi kwa sababu haukumalizika: Muhammad Amin Khan aliyeuanza alitaka uwe mrefu kupita yote, lakini aliuawa vitani mwaka 1855, na mafundi wakaweka chini zana zao. Lakini jengo linalostahili kukaliwa kwa muda mrefu ni Msikiti wa Ijumaa. Hauna kuba, hauna rangi. Ni ukumbi mmoja mpana, wenye giza na baridi, na dari yake imeshikwa na nguzo za mti zaidi ya 200, kila moja imechongwa kwa namna yake. Nyingine zimechongwa miaka karibu elfu moja iliyopita, zikaletwa kutoka majengo yaliyobomoka. Kuni ni haba katika jangwa. Basi nguzo haitupwi.

Nje ya lango la magharibi pana sanamu ya mtu aliyeketi, ameinamisha kichwa kama afikiriye. Ndiye al-Khwarizmi, aliyeishi karne ya 9, akafanya kazi yake Baghdad. Ninyi wanafunzi mnaosumbuka na aljebra, mjue kwamba jina la somo hilo latoka katika kichwa cha kitabu chake. Na neno algorithi, ambalo leo husemwa kila mahali palipo na kompyuta, ni jina lake mwenyewe lililogeuka vinywani mwa Wazungu.

Upande wa pili wa mji, karibu na lango la mashariki, mgeni huonyeshwa vyumba vidogo ukutani, kisha huitwa upesi kwenda kutazama vitambaa. Hapo palikuwa soko la watu. Waturukimani waliwavamia Waajemi na Warusi, wakawaleta Khiva wakiwa wamefungwa, nao wakauzwa ili walime mashamba, wachimbe mifereji na kubeba udongo wa majengo haya haya yanayopigwa picha. Mwezi wa Juni mwaka 1873 majeshi ya Urusi chini ya Jenerali Kaufman yaliuteka mji, na khan akalazimika kutangaza kwamba watumwa wote ni huru. Mwezi ule ule, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Zanzibar, ambako walikuwa wamefikishwa watu wengi waliotekwa pande za Ziwa Tanganyika na Manyema. Mababu wa Khiva na mababu zetu hawakujuana hata kidogo. Lakini milango miwili ilifungwa katika mwezi mmoja. Nadhani kiongozi wa wageni angeweza kukawia pale hata dakika tano.

Kutoka Khiva mpaka Bukhara ni mwendo wa kilometa 450 hivi, karibu wote katika jangwa la Kyzylkum, yaani Mchanga Mwekundu. Katika sehemu ya njia, mto Amu Darya huonekana kwa mbali. Maji yake mengi huchukuliwa kwa mashamba ya pamba, na tangu miaka ya 1960 bahari ya Aral, ambayo mto huo ulikuwa ukiijaza, imekauka sehemu yake kubwa; vyombo vya wavuvi vimebaki mchangani.

Bukhara huonekana kwanza kwa mnara wake. Mnara Kalyan, yaani Mnara Mkuu, ulijengwa mwaka 1127 kwa matofali ya kuchoma, nao una kimo cha mita 46 hivi. Usiku ulikuwa kama taa ya pwani kwa misafara iliyokuwa jangwani. Mwaka 1220 Genghis Khan aliuteketeza mji, ila mnara ukabaki. Mwaka 1920 Jeshi Jekundu liliupiga mji kwa mizinga na ndege, emiri wa mwisho akakimbia, mnara ukajeruhiwa, nao tena ukasimama. Mpaka leo, akitazama kwa makini, mtu aona matofali mapya yaliyozibia majeraha yale. Mafundi wa zamani hawakutia rangi ila mshipi mmoja mwembamba karibu na kilele. Uzuri wote watoka katika namna ya kupanga matofali, safu hii hivi, safu ile vingine, kama mama asukaye mkeka. Ustadi huo huo unaonekana katika kaburi la wafalme Wasamani, nyumba ndogo ya mraba ya karne ya 10. Kwa maoni yangu, katika safari hii yote hakuna jengo linalopita hili, ingawa mtu aweza kulizunguka kwa dakika mbili.

Bukhara ulikuwa mji wa masomo. Al-Bukhari, mkusanyaji mkuu wa hadithi za Mtume Muhammad, alizaliwa humo mwaka 810. Karibu na mji huo alizaliwa Ibn Sina mwaka 980, naye akiwa kijana aliruhusiwa kusoma katika maktaba ya mfalme. Kitabu chake cha uganga kilifundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya mpaka karne ya 17. Tena ulikuwa mji wa biashara. Penye njia panda bado zimesimama kuba za soko za karne ya 16, moja ya masonara, moja ya wauza kofia, moja ya wabadili fedha. Hii ya tatu inaitwa Toqi Sarrofon, na humo mtajua sarafu yetu ilikotoka.

Lakini habari ya Bukhara yenye maana kuliko zote ni habari ya maji. Mji ulikuwa na mifereji na mahodhi mengi yaliyojengwa kwa ngazi za mawe. Wachota maji walishuka ngazi, wakajaza viriba vya ngozi, wakauza nyumba kwa nyumba. Watu walioga humo, wakaosha vyombo humo, wakanywa humo. Mwaka 1558 alifika Mwingereza mmoja mfanya biashara, Anthony Jenkinson, akaandika kwamba maji ya Bukhara huzaa mnyoo mrefu katika miguu ya watu. Ni ule mnyoo wa Guinea, ambao Waafrika wengi wameujua kwa uchungu: mtu hunywa maji yenye vidudu visivyoonekana kwa macho, na baada ya mwaka hivi mnyoo hutokea mguuni, nao huvutwa pole pole ukizungushwa katika kijiti. Vinyozi wa Bukhara walikuwa mabingwa wa kuuvuta. Baada ya mwaka 1920 daktari Leonid Isaev na wenzake waliyasafisha mahodhi, wakakausha mengi, wakaleta maji ya bomba. Kufika mwaka 1931 au karibu na hapo, ugonjwa ulikuwa umekwisha. Nchi yetu ya Kongo yenyewe ilipewa hati ya Shirika la Afya Duniani ya kuondokana na mnyoo huo mwaka 2022. Basi, msafiri asikiaye huzuni kwamba mahodhi ya Bukhara yamepotea, na korongo waliokuwa wakitaga juu ya minara wamehama kwa kukosa vyura, akumbuke pia miguu ya watoto.

Hodhi kubwa lililobaki linaitwa Lyabi-Hauz. Lilichimbwa mwaka 1620 kwa amri ya waziri Nadir Divan-Begi, na kandokando yake imesimama miforosadi mizee. Hapo jioni wazee hunywa chai. Wenyeji husimulia kwamba mahali pale palikuwa na nyumba ya mjane mmoja wa Kiyahudi. Waziri akataka kuinunua, mjane akakataa. Waziri akapeleka neno kwa wanasheria, akidhani atapata. Nao wakaamua kwamba Myahudi alipaye kodi yake ana haki juu ya nyumba yake sawa na Mwislamu. Ndipo waziri akachimba mfereji kupita kando ya nyumba, maji yakaanza kula msingi. Mjane akaona hana la kufanya. Akasema, nitaondoka, lakini fedha sizitaki. Nipe kiwanja kingine, na ruhusa ya kujenga sinagogi. Akapewa. Kama hadithi hii ni kweli yote, au nusu, si neno. Watu waliisimulia kwa sababu walilijua jambo lenyewe. Sinagogi liko mpaka leo katika mtaa nyuma ya hodhi, ingawa Wayahudi wengi wa Bukhara wamehamia Israeli na Marekani.

Katika njia ya kwenda Samarkand, makundi mengine hupitia Shakhrisabz, mji wa alikozaliwa Timur karibu nao mwaka 1336. Timur huyu, aliyeitwa Timur Kiwete, alishinda nchi kutoka Delhi mpaka Shamu, akaua watu wasiohesabika. Leo sanamu zake zimesimama katika miji mikubwa ya Uzbekistan. Katika Shakhrisabz alianza kujijengea jumba mwaka 1380. Limebaki lango tu, nguzo mbili zilizovunjika zenye kimo cha mita 38 hivi, na bado zatisha. Kati ya lango hilo na misikiti ya kale palikuwa na mitaa ya watu: nyumba za udongo zenye ua ndani, mizabibu, mifereji midogo, vinu vya mikate. Kuanzia mwaka 2014 mitaa ile ya katikati ilibomolewa, ili wageni waone majengo makubwa bila kizuizi. Mahali pake pakatiwa majani, chemchemi za kurusha maji, njia pana na maduka. Mwaka 2016 UNESCO iliuandika mji huo katika orodha ya urithi ulio hatarini, ikisema kwamba mji wa kale si minara tu bali pia nyumba zilizokuwa kati ya minara. Sisemi kwamba nyumba zote zile zilikuwa nzuri. Nyingine zilivuja, nyingine hazikuwa na choo cha kufaa, na wako waliofurahi kuhama. Lakini mgeni apitaye pale adhuhuri, akivuka uwanja mpana usio na kivuli kutoka mnara mpaka mnara, hujiuliza mwenyewe watu wako wapi.

Jambo hilo si geni katika nchi hiyo. Mwaka 1403 mfalme wa Castilia, katika Hispania, alimtuma balozi kwa Timur, jina lake Ruy González de Clavijo. Balozi alifunga safari kutoka Cádiz mwezi wa Mei, akafika Samarkand mwezi wa Septemba wa mwaka uliofuata, akaandika aliyoyaona. Anasimulia kwamba Timur aliwaleta mafundi kutoka kila nchi aliyoishinda: wafuma hariri na watengenezaji wa pinde kutoka Dameski, wajenzi, wafua fedha, mafundi wa vioo na wa vyungu. Wateka walikuwa wengi hata nyumba hazikutosha, wengine wakalala chini ya miti na mapangoni. Tena anasimulia habari ya barabara. Timur alitaka barabara ya soko ipite katikati ya mji, yenye maduka pande zote mbili na paa juu. Wajenzi wakaanza kubomoa nyumba zilizokuwa njiani bila kuuliza ni za nani. Wenye nyumba wakakimbia na vyombo walivyoweza kubeba. Kazi ikaendelea usiku na mchana, na kwa siku 20 barabara ikamalizika. Wenye nyumba wakatafuta watu wa heshima wa kuwaombea kwa mfalme. Timur akakasirika, akajibu kwamba mji ni mali yake, ameununua, na hati anazo. Katika kitabu chote cha Clavijo, chenye karamu nyingi na mahema ya dhahabu, ukurasa huo ndio unaonikaa moyoni.

Sasa tuingie Samarkand yenyewe. Iskanda Mkuu aliufikia mji huu mwaka 329 kabla ya Kristo, nao ulikuwa mji mkubwa tayari. Mji ule wa kwanza ulikuwa juu ya kilima kiitwacho Afrosiab; baada ya Genghis Khan kuuharibu mwaka 1220, watu hawakurudi kilimani, wakajenga chini yake. Mwaka 1965, watu waliokuwa wakitengeneza barabara walikuta kilimani kuta za chumba zenye michoro ya karne ya 7: mabalozi wa nchi mbalimbali, Wachina wenye hariri mikononi, wakimjia mfalme wa Samarkand. Michoro imefifia, lakini ndiyo shahidi bora wa wakati ule.

Watu wote huenda kwanza Registan. Ni uwanja uliozungukwa pande tatu na madrasa tatu kubwa: ya Ulugh Beg, iliyojengwa kati ya 1417 na 1420, ya Sher-Dor, iliyomalizika mwaka 1636, na ya Tilla-Kari, ya mwaka 1660. Juu ya lango la Sher-Dor wamechorwa simba wawili wenye milia kama chui-milia, na mgongoni mwa kila mmoja jua lenye uso wa mtu, jambo lisilotazamiwa katika nyumba ya dini ya Kiislamu. Vigae ni buluu, feruzi, manjano na nyeupe, navyo hung'aa hata macho yachoke. Inafaa mgeni ajue kwamba mengi ya mng'ao huo ni kazi ya karne iliyopita. Matetemeko ya nchi yalikuwa yameangusha kuba, minara ikapinda. Mwaka 1932 mhandisi Mrusi Vladimir Shukhov alinyosha mnara mmoja wa madrasa ya Ulugh Beg bila kuubomoa, kazi ambayo wajuzi wa ujenzi husifu mpaka leo. Msikiti wa Bibi-Khanym, ambao Timur alihimiza ujengwe kwa haraka kati ya 1399 na 1404, ulianza kuangusha matofali muda mfupi baada ya kumalizika, kwa kuwa ulikuwa mkubwa kupita nguvu za msingi wake. Tetemeko la mwaka 1897 likavunja zaidi. Kuba ya leo imejengwa upya. Wengine hukasirika wakisikia hivyo, wakasema wamedanganywa. Mimi sioni kosa katika kutengeneza. Kosa ni kutengeneza bila kusema.

Kando ya njia inayotoka Registan kwenda Bibi-Khanym ziko kuta ndefu safi, zilizojengwa katika miaka hii yetu. Nyuma yake iko mitaa ya kale, yenye vichochoro vya udongo. Kuta zina milango. Mgeni akiingia hakuna amkatazaye. Ndani atakuta watoto wakicheza mpira, mama akipiga mikate ya duara ndani ya tanuri ya udongo, pengine msikiti mdogo wa mtaa wenye nguzo za mti, mzee chini ya mforosadi. Hawatamshangaa sana. Watamwambia salom, na huenda wakampa mkate. Mkate wa Samarkand ni mzito, mng'avu, hukaa siku nyingi bila kuharibika, na wenyeji wa nchi hiyo wakisafiri hubeba mikate hiyo kama zawadi.

Ulugh Beg, aliyejenga ile madrasa ya kwanza, alikuwa mjukuu wa Timur, lakini hakupenda vita. Katika miaka ya 1420 alijenga juu ya kilima nyumba ya kupimia nyota. Ndani yake palikuwa na upinde mkubwa wa mawe wenye nusu-kipenyo cha mita 40 hivi, ambao chini yake ulizamishwa ardhini ili usitikisike. Kwa chombo hicho, bila darubini, yeye na wenzake waliandika mahali pa nyota 1,018, wakapima urefu wa mwaka wakakosea kwa muda usiofika hata dakika moja. Mwaka 1449 mwanawe mwenyewe, Abd al-Latif, aliamuru auawe. Nyumba ya nyota ikaachwa, ikabomoka, mahali pake pakasahauliwa. Mmoja wa wanafunzi wake, Ali Qushji, alichukua maandiko, na hatimaye akafika nayo Istanbul. Hivyo hesabu zikaokoka. Mwaka 1908 mchimbaji wa mambo ya kale, Vasily Vyatkin, aliufuata mwongozo wa hati ya zamani, akachimba, akaikuta sehemu ya upinde iliyokuwa chini ya udongo. Alipokufa alizikwa hapo hapo kilimani. Wageni huchungulia shimo, hukaa dakika chache, huondoka.

Njia ya kurudi mjini hupita karibu na kijito cha Siab, na juu ya ukingo wake liko kaburi ambalo lapasa kutajwa kwa wasomaji wa gazeti hili. Wenyeji huliita kaburi la Khoja Doniyor, yaani Nabii Danieli, yule wa tundu la simba. Husimuliwa kwamba Timur alileta sehemu ya mifupa yake kutoka Susa, katika Uajemi. Huko Susa nako wanalo kaburi lake, na miji mingine pia hudai heshima hiyo. Jeneza lina urefu wa mita 18 hivi, limefunikwa kitambaa. Watu husema nabii hukua kila mwaka. Karibu na mlango umesimama mti mzee wa pistasho uliokuwa umekauka. Mwaka 1996 Patriarka Alexy wa Pili wa Moscow alifika akauombea, na wenyeji husema tangu hapo ulichipuka tena. Katika mji huo huo liko kanisa la Katoliki la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, lililojengwa kwa matofali mekundu wakati wa vita vya kwanza vya dunia kwa ajili ya Wapoland waliokuwa huko. Likafungwa zamani za Wasovieti, na baada ya nchi kupata uhuru mwaka 1991 likarudishiwa waamini, nao ni wachache.

Chini ya kaburi la Danieli kuna chemchemi. Waislamu hufika na chupa zao, Wakristo wa Kirusi na zao, na Wayahudi waliorudi kutazama mji wa wazazi wao. Imamu hukaa kwenye benchi, akasoma dua kwa ajili ya ye yote aliyeketi karibu naye. Kisha watu hushuka ngazi, husubiri zamu, hujaza maji, hupanda tena kwenye jua, ambako gari la wageni linangoja. Treni ya kasi ya kwenda Tashkent huchukua muda wa saa mbili na kidogo.